Zeituni za Kupaka

Kwetu chai ya asubuhi ni ya maziwa, mkate una siagi, na Jumapili kuna mayai. Kwa hiyo binti yangu aliporudi likizo kutoka chuo akatangaza kwamba hali tena kitu chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali, habari ya nyama haikunisumbua. Maharage yapo, kunde zipo, mchicha wa nazi upo. Nilichowaza ni asubuhi. Wiki ya kwanza alipaka siagi ya karanga, wiki ya pili parachichi. Wiki ya tatu nikamkuta anachovya mkate mkavu kwenye chai ya rangi, kimya, kama mtu aliyetoka homa. Nikajua nikimwachia hivi atarudi chuo amekonda na mashangazi wataniuliza mtoto namlisha nini.

Habari ya zeituni aliileta mwenyewe. Rafiki yake wa chuoni alimwonjesha kitu cheusi cha kupaka kwenye mkate, akakipenda. Tukaenda supamaketi, tukakuta kichupa cha gramu 130 kwa shilingi 16,500. Nililipa nikiwa nimeuma meno. Tulipofika nyumbani akageuza kichupa, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, akanisogezea bila kusema neno. Mle ndani mlikuwa na anchovi. Samaki! Wale wadogo wa baharini wanaolazwa kwenye chumvi, jamii moja na dagaa wetu. Kichupa kile tulikimaliza mimi na baba yake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba anchovi hawakuwekwa kwa bahati mbaya. Wafaransa wa kusini hukiita chakula hiki tapenade, na husimuliwa kwamba kilitungwa Marseille mwaka 1880 na mpishi aliyeitwa Meynier: zeituni nyeusi, anchovi, na kepa, yaani vitumba vya maua vilivyolowekwa kwenye chumvi au siki. Kwa lugha ya watu wa Provence kepa ni tapeno, na jina la chakula limetoka huko, si kwenye zeituni. Kwa hiyo kama una mtu nyumbani asiyekula vya wanyama, usiridhike na picha ya zeituni kwenye lebo. Soma nyuma. Vingine vina samaki, vingine vina jibini.

Nikamwambia tutatengeneza wenyewe. Zeituni, mafuta, kitunguu saumu, unasaga, umemaliza. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeanza kutengeneza achari ya ndimu na ya maembe nikiwa na miaka tisa. Chupa ya zeituni ingenishinda kitu gani? Achari hiyohiyo ndiyo iliyonidanganya, lakini nitafika huko.

Kosa la kwanza ni la aibu, nalisema hivyohivyo. Mafuta ya zeituni nyumbani kwetu hayajawahi kukosekana. Yapo kwenye kichupa kabatini, yananunuliwa duka la dawa. Mtoto mchanga hukandwa nayo, nywele hupakwa, mgongo ukiuma husuguliwa. Kwa mama yangu, mzeituni ni mti wa baraka: Sura ya 95 ya Kurani inaanza kwa kuapa kwa tini na zeituni. Lakini baraka yenyewe kwake ni ya ngozi na viungo. Mafuta hayo kuingia sufuriani ni jambo ambalo hakuwahi kuliwaza, na mimi nimelelewa naye. Basi nikatoa kichupa kabatini, nikamimina vijiko vinne vya chakula juu ya zeituni zilizosagwa, nikakoroga. Binti yangu akaonja, akaweka kijiko chini polepole.

"Mama, mbona inanukia kama nywele?"

Nikachukua kichupa, nikavaa miwani. Mafuta ya zeituni kweli, na manukato, na mstari mmoja chini kabisa: kwa matumizi ya nje tu. Mama, ambaye alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Si mlisema ni zeituni za kupaka?" Mchele tuliuokota wote watatu.

Mafuta ya kula yanauzwa kwenye rafu ya mafuta ya kupikia, mara nyingi kwenye chupa nyeusi au ya kijani ili mwanga usiyaharibu. Tafuta yale yaliyokamuliwa bila kupashwa moto, ambayo lebo huyaita "extra virgin". Yakikukwaruza koo kidogo ukiyaonja peke yake, ndivyo yalivyo, hayajaharibika. Chupa ya nusu lita nilinunua shilingi 27,000, na siku ile niliona nimeibiwa.

Mara ya pili niliharibu kwa ubahili. Nilichukua zeituni za bei ya chini, za kopo, zilizokatwa vipete, nyeusi tii kama lami. Kwa macho zilipendeza. Kwa ulimi zilikuwa chumvi tu yenye umbo la duara. Nililaumu mafuta, nikalaumu saumu, mpaka siku moja nikasoma kopo lenyewe nikakuta feri glukoneti, au E579. Hiyo ni chumvi ya madini ya chuma inayoshikiza weusi. Zeituni nyingi za namna hiyo huchumwa zikiwa bado kijani, hutiwa kwenye magadi makali, hupulizwa hewa mpaka ziwe nyeusi, kisha rangi inafungwa kwa dawa hiyo. Si sumu, na juu ya piza zinafaa. Lakini ladha kubwa imekwisha kuoshwa huko kiwandani, na ukizisaga unapata uji mweusi usiokwambia kitu.

Zeituni iliyoiva mtini yenyewe haina weusi wa kufanana. Moja ina zambarau, nyingine kahawia, nyingine ina doa. Zile za Ugiriki ziitwazo Kalamata ndizo ninazotumia sasa, na rangi yake ni ya tunda la zambarau hasa, mpaka vidole vinabaki na alama. Chupa moja shilingi 18,000. Hapo pia kuna mtego: usitazame uzito mkubwa ulioandikwa mbele, tafuta uzito bila maji. Chupa yangu ilijitapa gramu 360, zeituni zenyewe zilikuwa 200, zilizobaki ni maji ya chumvi.

Dada mmoja wa ofisini, mwenyeji wa Arusha, aliniuliza kwa nini sichumi zeituni za kwetu za milimani. Kweli mzeituni mwitu upo kule. Wamaasai huuita oloirien, na kijinga cha mti huo hutumika kufukizia vibuyu vya maziwa. Nilimwambia binti yangu habari hiyo akacheka, maziwa tena. Lakini tunda la mwituni ni dogo, kokwa tupu. Na hata zeituni kubwa ya shambani huwezi kuila ikitoka mtini. Ina uchungu wa kukunja uso, na ndiyo maana hukaa kwenye maji ya chumvi wiki na wiki, hata miezi, kabla haijafika kwenye chupa. Hiyo kazi waachie wenyewe.

Chumvi nilijifunza haraka: usitie. Iliyomo ndani ya zeituni inatosha mtaa mzima. Loweka kwenye maji safi nusu saa, mwaga, rudia, kisha zikaushe kwa kitambaa.

Blenda ilinichukua majaribio matatu. Nilikuwa natia kila kitu pamoja, mafuta yakiwemo, naiacha izunguke mpaka iwe laini kama losheni. Inatoka chungu. Si chungu ya zeituni, ni chungu kavu inayobaki nyuma ya ulimi mpaka mchana. Nilidhani nimeuziwa mafuta mabovu, karibu nirudi dukani kugombana. Kumbe mafuta hayo mazuri ya zeituni yakichapwa sana na visu vya blenda hutoa uchungu uliokuwa umejificha ndani yake, na saumu nayo ikisagwa kupita kiasi inakuwa kali. Sasa situmii blenda kabisa. Nina kinu kidogo cha mawe. (Cha mbao nilijaribu, lakini kimetwangiwa iliki miaka kumi na mbili, na iliki haikubali kusahaulika.) Saumu inatangulia na punje chache za pilipili manga, inatwangwa mpaka iwe ute. Zeituni nazikata kwa kisu kwanza, halafu naziponda kwa mchi, kuponda tu, zibaki na vipande vya kutafuna. Mafuta yanaingia mwisho, kwa kijiko, kwa mkono.

Siku ya Idi nikaona nimefuzu. Nikaweka bakuli mezani katikati ya vitumbua na mahamri, kwa maringo, na kaka yangu akapaka slesi nzima nene. Nikasikia "kack". Kila mtu alisikia. Akafungua mdomo, akatoa kipande cha kokwa chenye ncha, na pamoja nacho kile kizibo cha jino alichotiwa mwaka juzi. Chupa ilikuwa imeandikwa zeituni zisizo na kokwa. Mashine hutoa kokwa, lakini haitoi zote, na nyingine huzivunja na kuacha kibanzi ndani. Daktari wa meno alimtoza 70,000, nikalipa mimi ingawa alikataa mara mbili. Hakukataa mara ya tatu.

Tangu siku hiyo nanunua zenye kokwa. Inaonekana kama kujitafutia kazi, lakini nyama yake ni ngumu zaidi, haijalowa, na inanilazimu kuishika kila moja. Unaiweka ubaoni, unaikandamiza kwa kitako cha glasi, inapasuka, kokwa unaichomoa kwa vidole. Zeituni za chupa moja ni dakika kumi tu, tena ni kazi nzuri ya kufanya huku mnaongea.

Na hapo, nikiwa nimeshajua zeituni, mafuta, kinu na kokwa, ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote.

Nilipeleka kidogo ofisini kwa chai ya saa nne, wenzangu wakaulizia bei. Nikakaa na daftari. Chupa sita za zeituni, 108,000. Mafuta, sehemu niliyotumia, kama 19,000. Vichupa vidogo 14 vyenye mifuniko, 14,000. Ndimu, saumu na mengineyo, 5,000. Jumla 146,000, navyo nikiuza 12,500 kila kimoja napata 175,000. Faida 29,000 kwa jioni mbili, na nauli za daladala sikuzihesabu kwa sababu sikutaka kuzijua. Alhamisi usiku nilijaza vichupa vyote, nikamimina mafuta juu yavifunike vizuri, nikafunga, nikavipanga kabatini pembeni ya achari. Vilipendeza. Nilivipiga picha. Ijumaa nikapeleka sita ofisini, vinane vikabaki kusubiri Jumatatu.

Jumamosi jioni nikamtumia binti yangu ile picha. Hakujibu. Akapiga.

"Mama, hizo ziko kwenye friji?"

"Ziko kabatini, na achari."

"Tangu lini?"

"Juzi. Si zina mafuta juu?"

Akanyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo ningeshukuru kama ningelisikia miezi mitatu kabla. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, anaishi udongoni, na mbegu zake hung'ang'ania vitu vinavyochimbwa, kitunguu saumu kikiwa mojawapo. Penye hewa hawezi kuota. Mzamishe ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa, pasipo na uchachu wa kutosha wala chumvi ya kutosha, mwekee joto, naye atatengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa sababu ya saumu iliyokaa ndani ya mafuta nje ya friji.

Nikamjibu kwa ukali, nakumbuka, kwamba achari yangu imekaa kabatini miezi saba na haijawahi kumdhuru mtu. Halafu nikajisikia nikiyasema hayo, nikaanza kuelewa. Achari inakaa kwa sababu ya chumvi nyingi, ndimu na jua. Mimi zeituni nilikuwa nimezitoa chumvi kwa maji mara mbili, ndimu nilikamua nusu kwa ajili ya harufu tu, nikatia saumu mbichi, nikaziba hewa kwa mafuta, nikaweka kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa tatu. Yale mafuta ya juu niliyoyaona kama kinga ndiyo yaliyoweka mazingira.

Kupiga zile simu sita ilikuwa kazi. Unamwambiaje mtu aliyekulipa jana kwamba usile ulichonunua kwangu? Nilitaka kutunga uongo, kwamba nimesahau kiungo fulani, wanirudishie nirekebishe. Binti yangu akakataa, akasema kama kuna aliyekwisha kula lazima ajue dalili. Basi nikasema ukweli wote: kilikaa nje ya friji, kinaweza kuwa na sumu, naomba ukimwage, pesa yako narudisha leo. Wawili walikuwa wamekula. Nikawaambia wakiona kitu kimoja kinakuwa viwili, kope zikilegea, au kumeza kukawa kugumu, waende hospitali palepale na waseme walichokula. Mmoja alinishukuru. Mwingine alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa dada," na tangu hapo vitumbua vyangu pia hagusi.

Hakuna aliyeugua. Lakini siku kumi zile nilikuwa nawatazama macho kila asubuhi kabla ya kuwasalimia. Vile vinane vya kabatini nilivifunga ndani ya mifuko miwili nikatupa, sikuonja hata kuhakikisha; kuonja hakukuambii chochote, na kidogo tu chaweza kutosha. Rudisho 75,000, na mtaji wote umekwenda na takataka. Biashara nikaifunga siku hiyohiyo.

Sasa natengeneza hivi. Chupa moja ya zeituni, gramu 200 bila maji, si zaidi. Nalowesha, nakausha, natoa kokwa. Punje moja ya saumu, si mbili. Kepa nilinunua mara moja kwa 14,000 nikaona hainiingii akilini, na hapo achari ikarudi kwa heshima: kijiko kimoja cha chai cha achari ya ndimu, ile iliyokomaa, iliyolainika na kuwa kahawia, nimeikatakata ndogo kabisa. Inaleta uchachu na chumvi vilivyokuwa vya kepa, na kaukali kidogo ambako Marseille hawakujui. Kama achari yako ni ya dukani soma lebo. Kisha ndimu nzima nakamua, na vijiko vitatu vya mafuta.

Inaingia friji saa ileile, kwenye chombo chenye mfuniko, na inaliwa ndani ya siku nne. Umeme ukikatika usiku mzima, siibembelezi, namwaga. Ikibaki nyingi nagandisha kwenye trei ya barafu. Binti yangu hubeba vipande hivyo akirudi chuo, ndani ya chupa ya chai pana ya kuhifadhia baridi, na kule hosteli kuna friji. Ukiikuta asubuhi imeganda juu na ina weupe kama mafuta ya nazi wakati wa baridi, ni mafuta ya zeituni tu, yakikaa nje robo saa yanarudi. Mara ya kwanza nilidhani ni ukungu, nikatupa bakuli zima. Shilingi elfu ishirini nyingine hizo.

Ijumaa iliyopita mama alikubali kuonja kwa mara ya kwanza tangu siku ya kichupa cha nywele. Nilimpakia kwenye kipande cha boflo, akakinusa kwanza, tena pande zote mbili. Akatafuna taratibu, akaangalia dari.

"Achari hii ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka jana, mama."

"Ndiyo maana." Akaomba kipande kingine. Alipomaliza akanyoosha mkono, akachukua ile chupa yangu ya mafuta ya 27,000, akaitikisa kuona imebaki kiasi gani, akaondoka nayo. Magoti, alisema, yanamsumbua.